Wauza heda, "halali barabarani" kwa gari lipi? Semeni kabla hamjachukua hela za watu!

Wakuu, salamu baadaye. Leo asubuhi gari langu limefelishwa ukaguzi wa moshi huku California, na moshi wenyewe ni msafi kabisa. Mkaguzi kafungua boneti, kamulika heda nilizofunga (mabomba ya moshi yanayokaa kwenye injini mahali pa manifoldi, lile bomba la kiwandani) kwa tochi, kasoma kibati chenye namba ya CARB, bodi ya California inayosimamia usafi wa hewa, kaitafuta kwenye orodha yao, halafu kanigeuzia skrini nijisomee. Namba ni ya kweli. Ila ni ya miaka mingine na injini nyingine. Gari langu halimo.

Sasa mnielewe kwa nini nawaka. Muuzaji kaandika kwa herufi kubwa HALALI BARABARANI, MAJIMBO YOTE 50. Nikajaza aina ya gari, mwaka, injini, nikaletewa tiki ya kijani: inaingia. Kuingia imeingia! Matundu ya bolti yamelingana, flenji imekaa sawasawa. Kwani kuingia na kuruhusiwa ni kitu kimoja?

Heda hairuhusiwi peke yake, jamani. Kibali cha CARB, zile namba zinazoanza na herufi D, kinatolewa kwa heda fulani ikifungwa kwenye magari yaliyotajwa: modeli, miaka, ukubwa wa injini. Ukitoka nje ya orodha hiyo, chuma kilekile kinahesabika kuwa umechezea mfumo wa moshi, kifungu 27156 cha sheria ya magari. Muuzaji analijua hili vizuri kuliko mimi, maana hicho kibali kiko mezani kwake.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijinyima. Heda ndefu ndizo zenye nguvu, hilo halina ubishi, nikaziacha kwa sababu zinasogeza masega, vile visafisha moshi vya kwenye bomba, mbali na injini. Masega yakikaa mbali yanachelewa kupata moto, na uchafu mwingi hutoka pale injini inapowashwa ikiwa baridi. Halafu unaanza kurefusha nyaya za oksijeni sensa, taa ya injini inawaka, na P0420, namba ya hitilafu inayosema masega hayasafishi vya kutosha, haikuachi. Basi nikachukua fupi, zinazoishia palepale inapoishia manifoldi ya kiwandani, masega hayaguswi. Nikapoteza siku mbili chini ya gari, bolti moja ikakatikia kwenye silinda hedi, nikaitoa kwa kuichoma na kuizungusha robo kwa robo. Yote hayo nipate kitu halali!

Nimempigia muuzaji. Jibu: "Mteja anatakiwa kuhakikisha mwenyewe sheria za mahali pake." Na kurudisha haiwezekani, kwa kuwa imeshafungwa. Sasa bila kuifunga ningejuaje?

Wengine nao ndio hao wanaoandika "ina sehemu za sensa zote" ili udhani imeruhusiwa. Sehemu ya sensa ni tundu lenye nyuzi tu. Chini kabisa ya boksi, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani, utakuta "kwa mashindano pekee". Na hata ukiwa na kibali cha moshi, kelele ni habari nyingine, gari dogo mwisho ni desibeli 95.

Anayetaka kununua, mwambie muuzaji akutajie namba kabla hujalipa, kisha fungua orodha ya CARB mwenyewe. Usiishie kuona namba ipo. Soma jedwali la magari mpaka uone mwaka wako na lita za injini yako. Pale ndipo mimi nilipoamini tiki.

Manifoldi ya zamani nimeshaitoa stoo, gasketi mpya nimeagiza, kesho nafungua upya. Muuzaji, kama unapita humu: weka namba ya kibali na orodha yake ya magari juu ya kitufe cha kununua, na ile tiki ya kijani iondoe. Na hela yangu naitaka.