Stoo za chakula cha msaada zinaendeshwaje? Nataka kuchangia

Mpitanjia: Wadau habari zenu. Hivi hizi stoo zinazogawa chakula bure zinapata wapi mzigo? Nina makopo kibao kabatini, mengine tarehe imepita kidogo, nikipeleka yatamfikia mlengwa kweli au wataishia kugawana wenyewe?

Mpanga Rafu: Mi najitolea kwenye stoo mwaka wa nne sasa. Kwanza tofautisha, benki ya chakula ni ghala kubwa, linapokea mizigo ya viwanda, mashamba na supamaketi halafu linasambaza kwa stoo ndogo, na stoo ndo inayoonana na mwenye njaa mlangoni. Wazo la benki ya chakula lilianzia Marekani, Phoenix, 1967, jamaa mmoja John van Hengel alikuwa anaona chakula kizima kinatupwa huku watu wanalala njaa. Makopo sasa: ikiandikwa "bora kabla ya" hiyo ni ladha na ubora tu, "tumia kabla ya" ni usalama, ikipita usilete. Lililovimba au linalovuja tupa hata kama tarehe bado. Ila piga simu kwanza maana kila stoo ina masharti yake, na jamani sisi sio jalala, kuna siku tumechambua mifuko mitatu tukaambulia makopo mawili. Kuhusu kugawana, njoo ujitolee siku moja uone daftari la kuingia na kutoka.

Kijukuu: Toa hela mkuu. Najua wengi wanaona kopo ndo linaonekana, lakini wao wananunua kwa jumla, hela hiyohiyo inaleta mzigo mkubwa kuliko ungeenda dukani mwenyewe, tena wananunua kile kilichopungua. Na usingoje sikukuu, kipindi hicho rafu zinafurika, baada ya hapo kimya.

Nilikuwepo: Mi nilishapanga foleni huko nilipopoteza kazi. Kuna stoo unapewa mfuko ushafungwa, kuna nyingine unapita unachagua mwenyewe kama dukani, na hiyo ya pili aisee unatoka unajiona bado mtu. Kitu ambacho watu hawakumbuki kabisa ni sabuni, pedi, nepi. Na makopo yaleteni ya kuvuta kwa kidole, mi nilipewa kopo na sina cha kulifungulia 😅

Mpitanjia: Dah pedi sikuwahi kuwaza. Nimekagua kabati, mawili yamevimba kweli. Kesho nawapigia niwaulize wamepungukiwa nini.