Ushauri wakuu: kijana wangu aitwe Hywel au Salum?

Mgeni wa Carmarthen: Wakuu, habari za majukumu. Niko Wales, mke wangu mwenyeji wa huku, tumejaliwa mtoto wa kiume. Baba mkwe anataka aitwe Hywel, kwa heshima ya Hywel Dda, mfalme wao wa zamani. Mama yangu kule Tanga anasema mjukuu wa kwanza ni Salum, jina la marehemu mzee. Usingizi sipati. Huyo Hywel alikuwa mtu wa namna gani?

Mzee wa Kumbukumbu: Mjukuu wa mfalme Rhodri Mawr. Alirithi Seisyllwg, ufalme mdogo wa kusini mwa Wales, pamoja na nduguye Clydog, akapata na ufalme jirani wa Dyfed, kwao mkewe Elen. Mwaka 942 Idwal, mfalme wa Gwynedd kule kaskazini, aliuawa akipigana na Waingereza, Hywel akachukua na huko. Wana wa Idwal wakabaki mikono mitupu mpaka Hywel alipokufa, kwenye 950.

Kichwa Ngumu: Kwa hiyo alikula urithi wa yatima. Tena alikuwa akienda barazani kwa Athelstan kushuhudia hati za mfalme wa Waingereza. Mtoto wa Tanga apewe jina hilo?

Dada wa Chumbageni: Sheria zinazobeba jina lake nazisifu. Wanandoa wakiachana baada ya miaka 7, mali nusu kwa nusu: nguruwe kwa mume, kondoo kwa mke. Mimi nilitoka kwenye ndoa ya miaka 11 na sanduku la nguo.

Babu Juha: Kwa Muislamu hapo mume ndiye kaachwa patupu 😂

Dada wa Chumbageni: Mtoa mada, mtoto ana umri gani? Huko usajili mwisho siku 42.

Mgeni wa Carmarthen: Nimeshamsajili. Hywel. Mama hajui. Lakini msinihukumu, nyumbani tutamwita Salum. Baba mkwe alikesha na mke wangu hospitali mimi nikiwa zamu. Akanionyesha hata sarafu ya fedha ya Hywel, imeandikwa HOWÆL REX, anasema itakuwa ya mtoto. Ningekataaje?

Mzee wa Kumbukumbu: Hapo pananipa shaka. Sarafu hiyo inajulikana moja tu duniani, ilitengenezwa mjini Chester, na iko British Museum.

Kichwa Ngumu: CHAI! Mods, fungeni uzi.

Babu Juha: Hata mtoto sidhani kama yupo.

Mgeni wa Carmarthen: Mtoto yupo, analia hapa ninavyoandika. Nimemuuliza mzee sasa hivi, anasema ni nakala, alinunua mwenyewe. Mimi nisingejua.

Dada wa Chumbageni: Acheni sarafu. Kaka, jina la kwanza linaweza kubadilishwa kwenye rejista ndani ya miezi 12. Mama ajue kutoka kwako, asisikie kwa majirani.

Mgeni wa Carmarthen: Silibadilishi, dada. Simu nitapiga kesho.

Dada wa Chumbageni: Kesho Ijumaa. Mpigie baada ya swala, na mkeo awe karibu amsalimie.