Tupeane uzoefu: kitondo cha Kiingereza kilikutesaje?

Wakuu salaam. Jana binti yangu wa kidato cha pili kaniletea daftari. Sentensi: "My aunt sent me to the shop." Kapigia mstari "me", kaandika ni kitondo (indirect object, yaani anayepokea kitu), mwalimu kaweka kosa. Ananiuliza kwa nini, mie nakuna kichwa tu. Mliopitia huku shusheni uzoefu.

Chaki Nyeupe: Nafundisha hiyo mada, na huo mtego unanasa nusu ya darasa. Mrudishe kwenye Kiswahili: shangazi *alinituma* dukani, shangazi *alinitumia* hela. Zote zina -ni-, ndiyo iliyomponza. Kwenye ya kwanza kilichotumwa ni mimi mwenyewe, kwa hiyo "me" ni kipozi (direct object, yaani kinachotendwa chenyewe). Kwenye "My aunt sent me money" zimetumwa hela, mimi nimepokea tu, hapo ndipo "me" inakuwa kitondo. Darasani nawaambia wakiulize kitenzi "nini?" kwanza, "nani kapokea?" baadaye. Wao wanamrukia mtu kwa sababu kakaa jirani na kitenzi.

Mzee wa Stoo: Mimi nilizamishwa na "explain". Miaka miwili kazini naandika "Please explain me the delay", maana *nieleze* kwetu imenyooka. Siku moja bosi akaisoma kwa sauti kikaoni. Kumbe ni "explain the delay to me". Give me, send me, show me zinapita. Explain, describe na suggest zinagoma. Nimezikariri hivyo hivyo.

Dada Mkunazini: "He made her a cake" na "He made her a prefect". Kwenye mtihani nikaweka "her" kitondo zote mbili. Ya pili hakupewa kiranja jamani, kiranja ni yeye 😂

Kijana wa Tuisheni: Na "sent money to me"? Kitabu kimoja kinasema kitondo, kingine kinakataa.

Chaki Nyeupe: Wanasarufi wenyewe hawajapatana. Wengine wanaiita kitondo, wengine wanasema hiyo "me" ni ya kihusishi "to". Kwenye mtihani fuata kitabu cha mwalimu wako.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Nimemweleza ya *kutuma* na *kutumia*, kaelewa papo hapo. Nikamwambia atunge yake. Kaandika "My father bought me a phone", kapigia mstari "me", kisha kanikazia macho.