Aleji ya njugu, hapa Kisumu tukule wapi?

Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Kijana wangu wa miaka 7 ana aleji ya njugu na tumehamia Kisumu juzi tu, sasa shida ni hizi mboga za kienyeji, osuga na mitoo, huku wengi wanazitia sosi ya njugu na ukiuliza weita anakuambia "hapana mama, ni maziwa tu". Jumapili hoteli moja hapa tao, vijiko viwili tu midomo ikafura na shingo ikajaa vipele, kumbe mwiko ni ule ule wa sosi ya njugu! Kule ufuoni Dunga naskia samaki ni freshi lakini hayo mafuta yamekaanga nini kingine? Na kwa Kijaluo naulizaje, maana Kiswahili naona wananiitikia tu.