Tupeane uzoefu: Mali ya mume, mkono wa mke

Mwanzisha mada: Wanajamvi, naomba waliowahi kunufaika na mali iliyotolewa na mke au mjane wa tajiri wa viwanda watusimulie walichokiona, maana mara nyingi sifa humwendea mume aliyechuma.

Mchangiaji wa kwanza: Nilipokuwa mwanafunzi Manchester nilizoea kujisomea katika maktaba ya John Rylands, mtaa wa Deansgate. Jina ni la mume, tajiri wa viwanda vya pamba aliyefariki mwaka 1888, lakini kazi yote ni ya mjane wake, Enriqueta, mzaliwa wa Havana nchini Cuba, aliyeolewa naye mwaka 1875 akiwa mke wa tatu. Hakutoa fedha akakaa kando. Alimchagua mwenyewe msanifu, Basil Champneys, akabishana naye juu ya michoro, na kwa kuwa mji ulijaa masizi ya viwanda, hewa ya ndani ilichujwa na taa zikawa za umeme badala ya gesi, ili vitabu visidhurike. Mwaka 1892 alinunua maktaba nzima ya Earl Spencer, lodi wa Kiingereza, kwa takriban pauni 210,000, ikiwamo Biblia ya Gutenberg, mojawapo ya vitabu vya mwanzo kupigwa chapa Ulaya. Kuingia ni bure, jambo ambalo kwa mwanafunzi mwenye posho yangu halikuwa dogo.

Mchangiaji wa pili: Naongezea kwamba mwaka 1901 alinunua pia miswada ya Earl wa Crawford, yenye maandishi mengi ya Kiarabu na Kiajemi. Mimi, mtoto wa chuo cha Mombasa, nilikwenda huko kwa ajili ya misahafu, na sikutegemea kuikuta katika nyumba iliyojengwa na Mkristo mshika dini kama yeye.

Mchangiaji wa tatu: Tusisahau kwamba utajiri wa Manchester ulitokana kwa sehemu kubwa na pamba iliyochumwa na watumwa wa Marekani. Hata hivyo namna ya kutoa ina uzito wake. Kijijini kwetu Usukumani, mke wa mwenye kiwanda cha kuchambua pamba alitujengea madarasa, na kila alipokuja alikagua vyoo kwanza, hotuba baadaye. Walimu walimwogopa kuliko mkaguzi wa wilaya.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Kumbe mji wa Manchester ulimtambua Enriqueta mapema: mwaka 1899 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima ya uraia wa mji huo. Je, mama huyo wa Usukumani aliwahi kushukuriwa rasmi?

Mchangiaji wa tatu: Bado. Bango la shule lina jina la mumewe.