Wakubwa munisaidie: nakata teksti vipande vya 160 lakini kila meseji inahesabiwa tatu

MutotoWaKadutu (Bukavu)
Wakubwa na bandugu, mambo. Niko na kasekretaria kadogo hapa Kadutu, kuandika, fotokopi, kutoa mapicha, vile munajua. Sasa koperative moja ya kawa ya upande wa Kalehe na Idjwi wakaniomba niwatumie memba wao 340 matangazo kwa meseji, meseji ya kawaida si WhatsApp, juu wengi wao kule milimani wako na kale katelefone ka tochi. Sekretere wao ananitumiaka fishie moja ndefu ya Word, ndani kuko matangazo yote ya mwezi, siku ya kupokea kawa, bei, mkutano, nini na nini. Mimi nikatoa teksti tupu, nikaenda ku intaneti nikapata ukurasa wa kukatia, unabandika teksti, unaandika namba, unabonyeza, inakukatia vipande. Nikaweka 160, kwani si njo kipimo ya meseji moja?

Sasa muone yenye ilinifikia. Ya kwanza inakata katikati ya neno, mutu anapokea "leteni kawa nyeku" halafu ingine inaanza "ndu tu". Ya pili njo iliniumiza: tangazo moja la herufi 158, nilihesabu mwenyewe, telefone ikahesabu meseji 3 kwa kila mutu. Inite ziliisha sijafika hata nusu ya liste. Sasa sekretere anasema mi njo nimekula pesa. Shida ni ile kifaa cha kukatia ama ni nini?

Katuba_Kazi (Lubumbashi)
Weka 150 bwana, uache nafasi kidogo, hesabu ya kidole haiaminikake haha

MutotoWaKadutu
Mukubwa nilishaweka 150, nikashuka mpaka 140. Bado tatu.

Birere_Teki (Goma)
Kadogo bandika hapa tangazo moja vile vile liko, usiandike upya, kopi tu.

MutotoWaKadutu
Hii fupi, inahesabiwa mbili:
Memba wote wa ng’ambo ya ziwa: kupokea kawa ni siku ya ine saa 12 asubuhi. Leteni kawa nyekundu tu. Kawa ya kijani itarudishwa.

Birere_Teki (Goma)
Nimeiona. Kifaa haina kosa, ni Word. Angalia ile alama ndani ya ng’ambo, imepinda kama kamukia. Yenye meseji inajua ni ya kunyooka, hii: '. Word inaipindishaka yenyewe bila kukuuliza.

Sikiliza vile inatendekaka. Meseji moja inabeba okte 140 (okte moja ni biti 8), haizidi. Kuko orodha ya zamani ya herufi, alfabeti ya GSM, kila herufi inachukua biti 7, njo maana zinaingia 160. Ukitia hata herufi MOJA yenye haiko mule, meseji nzima inahamishwa ku mfumo ingine wenye kila herufi inachukua biti 16, na pale zinaingia 70 tu. Ikipita 70 inagawanywa, na kila kipande kinabakia na 67 juu zingine zinaliwa na habari ya kuviunganisha kule zinapofika. Sasa piga hesabu, vipande viwili vinaishia 134, kwa hiyo 158 ni tatu, 150 ni tatu, hata ile 140 yako ni tatu. Hii ya leo ni herufi 127, njo mbili. Nyoosha ile alama tu, inaingia yote ku meseji moja na nafasi 33 inabakia.

Ufanyie ile kazi mu Notepad, Ctrl+H, kopi ile ya kupinda ubandike juu, chini uandike ya kunyooka. Usifanyie mu Word, itaipindisha tena mbele ya macho yako.

Katuba_Kazi (Lubumbashi)
Ama muandike "ngambo" tu, nani hapa Kongo anawekaka ile alama 😂

Lakini kadogo, pole na ile 150 yangu, acha nirudishe deni. Usikate kwa kuhesabu herufi. Vifaa vingi vya hivyo viko na nafasi ya kukata kwa alama. Weka ### ku mustari wake peke yake katikati ya tangazo na tangazo, halafu uambie ikate pale, kila kipande kinatoka tangazo zima na neno haivunjike. Lenye linazidi 160 unalifupisha wewe kwa akili yako, hakuna masini itakufanyia. Na kama unapangaka namba ya sehemu usiandike [1/2], zile mabano za pembe kila moja inahesabiwa mbili, weka (1/2).

Mama_wa_Nguba (Bukavu)
Mwanangu mimi niko na swali ingine. Ile liste ya namba za wale wamama na wababa wa kawa, uliibandika pia mu ile ukurasa?

MutotoWaKadutu
Mama… ndiyo. Nilitaka kuigawa hamsini hamsini.

Mama_wa_Nguba (Bukavu)
Haya njo ningesema. Namba ya mutu si ya kutembeza ku kila ukurasa unaokutana nao. Fungua ukurasa, ukisha kufunguka zima mega, halafu jaribu kukata na teksti ya mchezo. Ikikata bila intaneti basi kazi inafanyikia mu ordinatere yako. Ikigoma, inawezekana teksti yako inasafirishwaka kwa mutu humujui. Na hata ikikubali, ukimaliza na namba funga kwanza ule ukurasa mbele ya kuwasha mega. Liste ya 340 lakini, mwanangu, si hata mu Excel unaigawa kwa mkono dakika kumi?

MutotoWaKadutu
Asanteni sana wakubwa, na Mama nimesikia, nimejaribu kuzima mega ile yangu ikagoma kabisa, nimetafuta ingine.

Nimenyoosha apostrofi zote, matangazo 11, kumi yanaingia meseji moja moja safi. Moja tu linakataa, la herufi 96, bado linahesabiwa mbili na apostrofi haimo!!

Birere_Teki (Goma)
Ingia mu telefone ulibandike mu meseji mpya, uangalie ile kahesabu pembeni. Futa nusu ya nyuma. Kama inaruka tena ku 160 muchawi alikuwa ku ile nusu, endelea kugawa hivyo mpaka umukamate. Kuko Kifaransa ndani? é, è na à ziko mu orodha, lakini ê, ô, û haziko.

MutotoWaKadutu
Nimemukamata. "dépôt". Ile kofia juu ya o.

Nimemupigia sekretere nimwombe tuandike depo tu, anasema hapana, yeye alisoma, hawezi kutuma kosa kwa watu 340. Nimemwambia basi ile kofia atailipa yeye.