Naombeni ushauri: nitawaambiaje majirani kwamba "pole" zao zinafunika taarifa za msiba?

AdminiTabata
Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, na ndiye admini wa grupu la WhatsApp la majirani. Tulilianzisha kwa ajili ya ulinzi wa usiku na hela ya taka, tukiwa nyumba kumi na tisa. Leo tumevuka watu 200, wakiwemo waliohamia Goba na Chanika lakini hawataki kutoka.

Wiki iliyopita tulifiwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Taarifa ya kwanza ilisema mazishi ni saa 10 alasiri, makaburi ya Kinondoni. Usiku familia ikarudisha muda nyuma, ikawa saa 7 mchana. Mtoto wa marehemu akaandika kwenye grupu saa 5 usiku, mistari miwili tu. Kulipokucha ule ujumbe ulikuwa chini ya meseji 160 na kitu, nilizihesabu baadaye. Pole sana. Poleni wafiwa. Kazi ya Mungu haina makosa. Mbele yake, nyuma yetu. Stika za mishumaa. Katikati kuna mtu anauza vitenge, bei njoo inboksi. Majirani walichanga wakakodi Coaster, wakatoka Tabata saa 8, wakafika wakakuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakung'uta mchanga viatuni.

Jioni mama mjane akaniuliza, "Mwanangu, majirani zangu walikuwa wapi?" Nilikosa jibu. Wote walikuwa wametoa pole, lakini mama mwenyewe anatumia kitochi. Hizo pole 160 hakuiona hata moja.

Hayo ndiyo yaliyonileta, ila mengine nayo yamenichosha. Mtu anaandika "Jamani" halafu ananyamaza, watu kumi wanauliza kuna nini, anarudi baada ya nusu saa kuulizia fundi bomba. Mtu anatuma voisi ya dakika nne kusema maji yamekatika. Mtu anatupa habari ya kutisha na chini yake anaandika "nimeituma kama nilivyoipokea", kana kwamba maneno hayo yanamwondolea mzigo.

Nikiwaambia waache kutoa pole nitaonekana sina utu. Mume wangu anasema nifunge grupu, waandike maadmini peke yao. Nami naogopa: akivamiwa mtu saa 9 usiku, atapigaje kelele? Nifanyeje?

FundiUmeme_Mbagala
Dada, pole na hongera kwa mzigo huo. Usifunge. Bandika ujumbe juu. Shikilia ule ujumbe wa mazishi, chagua kubandika, utaulizwa ukae saa 24, siku 7 au siku 30. Hata zije pole elfu moja, muda na mahali vinabaki pale juu. Kwetu mjumbe anabandika yeye mwenyewe, na muda ukibadilika anautoa wa zamani kwanza. Ukiuacha wa zamani juu utapoteza watu zaidi ya hapo.

Kisha waambie waweke ile alama ya mikono kwenye ujumbe wenyewe badala ya kuandika. Tangu 2022 inawezekana. Inahesabika na haisukumi kitu chini.

Bibi_Kigamboni
Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Mimi ni mtu mzima, nakwambia ukweli: usiiguse pole. Kwetu mtu aliyefiwa ukimpita bila neno, umemtangazia ugomvi. Hao waliandika kwa sababu walilelewa vizuri.

Kosa lao lipo pengine. Zamani pole ilitembea kwa miguu. Ulikwenda, ukakaa kwenye mkeka, ukaosha sufuria, ukaandikisha rambirambi yako kwenye daftari. Ndipo mfiwa alipokuona. Sasa mtu akishaandika anahisi amemaliza, hafungui tena simu kuangalia mazishi ni saa ngapi. Hapo ndipo pa kuwasemesha. Na huyo mama mjane, bado mnaweza kwenda. Nendeni wote pamoja, mkamweleze lilivyotokea.

AdminiTabata
Bibi asante. Hilo la kwenda sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimebaki na aibu tu.

Nilifiwa_na_mama
Niongeze kwa upande wa mfiwa. Mama yangu alifariki 2021. Siku zile sikulala, nilikaa na simu nikisoma zile pole moja baada ya nyingine mpaka alfajiri. Zilinisaidia, siwezi kusema uongo. Kwa hiyo mtu asije akasema hazina maana.

Ila kuna zilizoniumiza. Watu watatu waliniandikia "pole kwa kumpoteza mzee wetu". Walinakili ya mtu wa juu yao, ambaye naye alikuwa ameitoa kwenye msiba mwingine. Jina la mama yangu lilikuwa kwenye tangazo, hawakulisoma. Mpaka leo nikikutana nao nakumbuka hilo kwanza. Waambie majirani zako waandike chache lakini wamtaje marehemu. "Alinifundisha kushona vitambaa" inatosha, wala haihitaji Kazi ya Mungu haina makosa.

Kijana_wa_Sinza
Kuhusu "Jamani" na "Wadau mpo?" Nadhani tunawaonea. Mswahili haingii na shida yake mdomoni, anapiga hodi kwanza, anasubiri karibu. Mtu anafanya kwenye simu alichofundishwa mlangoni. Shida ni kwamba mlangoni hodi inamsumbua mwenye nyumba mmoja, humu inaita simu 200 saa moja usiku watu wanapika. Mimi kwenye grupu la wapangaji niliandika tu: hodi na haja viingie pamoja. "Habari za jioni jamani, naomba namba ya fundi bomba aliye karibu na Bima." Salamu imo, adabu imo, na anajibiwa kwa meseji moja. Wengi walielewa ndani ya wiki.

Mwalimu_Kimara
Hilo la "kama nilivyoipokea" mimi silionei huruma hata kidogo. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikononi mwa watu watano au zaidi kabla yako. WhatsApp wenyewe tangu Aprili 2020 wamezuia ujumbe wa namna hiyo kutumwa zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo, kwa sababu ya uongo uliokuwa ukisambaa wakati wa korona. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshika anayechapisha uongo akijua ni uongo. Ukiwa unajua ni uongo, kusema uliupokea hivyo hivyo hakukuokoi.

Grupuni kwetu ilizunguka picha ya mtoto aliyepotea. Mtoto alishapatikana siku nyingi, lakini namba ya baba yake iliendelea kupigiwa na watu wa kila namna, na wengine walimwomba hela ya nauli wamletee mtoto. Fikiria mzazi anapokea simu hiyo. Sasa sheria yetu ni moja: ukituma, umepiga namba iliyopo na umeongea na mwenyewe. Hukupiga, usitume. Na ile ya "ile hela itume kwenye namba hii" msijadiliane nayo, ipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli.

AdminiTabata
Nimesoma zote, nimempa na mume wangu asome. Jana jioni tulikwenda kwa mama mjane, watu ishirini na mmoja, na yule aliyekodi Coaster ndiye aliyeongea. Mama alilia, halafu akatuandalia chai.

Nimeandika huu wa kutuma kwenye grupu, naombeni mnikosoe kabla:

"Majirani wapendwa, salaam. Tukipata msiba, tangazo la muda na mahali litabandikwa juu. Lisomeni hapo kila asubuhi. Anayetaka kutoa pole aweke alama ya mikono, au aandike neno lake mwenyewe akimtaja marehemu. Ni marufuku kunakili pole ya mwingine. Salamu na shida viingie pamoja. Habari ya kusambaza, piga kwanza. Na tukitoa pole hapa, tufike na nyumbani."

Bibi_Kigamboni
Ni nzuri mwanangu. Toa "marufuku", weka "tunaomba". Jirani haamrishwi kwenye msiba.

AdminiTabata
Nimebadilisha bibi. Nautuma leo saa 3 usiku, watu wakishakula.